Tarehe ya Kiti cha Merthyr

Wako wanaodai kwamba Keir Hardie hakukishinda kiti cha ubunge cha Merthyr Tydfil, Wales, bali alikipewa kama zawadi na Mliberali tajiri. Tarehe hii inawajibu.

Kiti kilianza mwaka 1832. Mwaka mmoja kabla, wafanyakazi wa chuma waliinuka wakaushika mji kwa siku kadhaa. Wazee husimulia kwamba bendera yao ilikuwa shuka lililochovywa katika damu ya ndama. Askari waliwapiga watu risasi mbele ya hoteli ya Castle, na Dic Penderyn akanyongwa Cardiff tarehe 13 Agosti 1831 kwa kumjeruhi askari. Miaka mingi baadaye, wasema wazee, mtu mwingine alikiri kosa hilo huko Marekani akiwa kitandani anakata roho. Penderyn alikufa bila hatia, na Merthyr yote ilijua hilo kabla ya maungamo hayo.

Mbunge wa kwanza akawa Josiah John Guest, mwenye viwanda vya Dowlais, mpaka alipofariki 1852. Akamfuata mbunge mwingine, Bruce.

Mwaka 1868 wapiga kura waliongezeka zaidi ya mara kumi, na jimbo likapata kiti cha pili. Bruce akaanguka, akaingia Henry Richard, katibu wa Chama cha Amani, aliyekaa hadi kufa kwake 1888. Tangu hapo Merthyr ilizoea kumpeleka London mtu anayechukia vita. Asiyelijua hili hataelewa mambo ya 1900.

Mwaka huo Uingereza ilikuwa ikipigana na Makaburu, na kupinga vita hadharani kulitosha kumwangusha mgombea. Viti vya Merthyr walikuwa navyo Waliberali wawili wasiopatana: D. A. Thomas, mwenye machimbo, na Pritchard Morgan. Hardie, mpinzani wa vita, alikuwa akigombea Preston pia. Akashindwa kule, akapanda treni, akafika kwetu kampeni ikiwa ukingoni. Kura zilipohesabiwa, Thomas alipata 8,598, Hardie 5,745, Morgan 4,004.

Hapa ndipo penye ugomvi. Kila mpiga kura alikuwa na karatasi moja na alama mbili za kutia, na wengi walitia ya kwanza kwa Thomas, ya pili kwa Hardie. Ni kweli Thomas alimtaka Hardie kuliko Morgan. Lakini mwaka 1898 wenye machimbo waliwafungia nje wachimbaji karibu miezi sita, watoto wakalala njaa, na Hardie akapita akihutubia bonde kwa bonde. Alama ile ya pili ilitoka kwenye nyumba za wachimbaji hao. Tajiri hakuwa na uwezo wa kuitoa.

Hardie alifariki Septemba 1915. Katika uchaguzi mdogo wa kumrithi, Stanton, mshabiki wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akamshinda mgombea wa Labour, chama cha Hardie. Mwaka 1918 mji wa Aberdare ukatengwa na jimbo hili. Wallhead wa Labour alishinda 1922.

Mwaka 1934 akaja S. O. Davies, mchimbaji, mrithi halisi wa Hardie. Mwaka 1961 chama chake, Labour, kilimtenga bungeni kwa kupinga bajeti ya silaha, wala hakubadilika. Tarehe 21 Oktoba 1966 lundo la taka za makaa liliiangukia shule ya Aberfan, watu 144 wakafa, 116 kati yao watoto. Serikali ilipotaka pauni 150,000 za mfuko wa wafiwa zitumike kuondoa malundo yaliyosalia, Davies alipinga. Fedha hizo hazikurudishwa hadi 1997.

Mwaka 1970 chama kikasema amezeeka, kikateua mwingine. Kwenye karatasi alikuwa na miaka 83. Wazee wanasema zaidi. Akasimama peke yake, bila chama, akapata kura 16,701 dhidi ya 9,234 za mgombea wa Labour. Waliomwita mzee wa kustaafishwa walijibiwa na mama wa Aberfan na wachimbaji wa Dowlais kwenye masanduku ya kura.

Alifariki 1972. Ted Rowlands wa Labour akamshinda mgombea wa chama cha Plaid Cymru, kisha akakaa hadi 2001. Baada yake Dai Havard, na tangu 2015 Gerald Jones, ambaye mwaka 2024 alichaguliwa tena, safari hii Aberdare ikiwa imerudishwa jimboni.