Ipenenga: Tarumbeta la Kibuyu

Chombo
Hiki ni kibuyu kikavu kilichotobolewa tundu ubavuni. Tundu huzibwa kwa utando wa buibui. Mchezaji huimba ndani yake, utando ukatetemeka na sauti ikatoka kama ya tarumbeta. Kibuyu kikubwa hutoa sauti nzito, kidogo hutoa nyembamba.

Chimbuko
Ipenenga imetokana na ngoma ya beni, iliyoanza Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, vikundi vikishindana kwa bendi, sare na vyeo. Askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza waliieneza bara. Mei 1916, majeshi ya Uingereza ya Jenerali Edward Northey yaliingia Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, katika nchi ya Wanyakyusa. Baada ya vita, vijana wa pande zote za Ziwa Nyasa waligeuza gwaride kuwa ngoma. Matarumbeta ya shaba yalikuwa adimu. Kibuyu kikashika nafasi yao. Nchini Malawi ngoma hii huitwa malipenga, na Wanyakyusa huiita ipenenga.

Mavazi
Kaptura na shati jeupe lililopigwa pasi, soksi ndefu, viatu vinavyong'aa. Viongozi hubeba vyeo vya kijeshi. Safu husogea kwa hatua moja, ngoma kubwa ikiongoza.

Kwa nini tunakitunza
Walioamrishwa kubeba mizigo ya vita ya wengine walirudi na mdundo wao wenyewe. Kama babu yako alicheza ngoma hii, mwombe akufundishe hatua zake leo.