Mbio za magari za utoto wetu na koltani ya Kivu

Bukavu, Kivu ya Kusini. – Watu wa rika langu hapa mjini, wale waliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakikutana hawakawii kufika kwenye habari za PlayStation. Nani alijua kuserereka kwenye kona bila kugonga ukuta, nani alikuwa akikimbilia maneti nzuri kabla ya wengine. Ndugu wasomaji, leo ninaandika historia ya ile michezo ya mbio za magari. Ilianzia mbali sana na sisi, lakini njia yake hadi kutufikia inagusa ardhi yetu.

Mwanzo wake ni mashine za kutia sarafu. Mwaka 1974 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa Gran Trak 10, kabati kubwa lenye usukani, gia na pedali. Gari lilionekana kutoka juu, kama mdudu anayezunguka ndani ya sahani. Watu waliipenda, ila iliuzwa kwa bei iliyo chini ya gharama ya kuitengeneza, na Atari ikapata hasara. Mwaka 1982 Namco ya Japani ikaleta Pole Position. Hapo mchezaji alikaa nyuma ya gari, barabara ikimjia usoni, na mlima Fuji kwa mbali. Kabla ya kushindana ulipaswa kumaliza mzunguko mmoja ndani ya muda uliopangwa. Ukichelewa, sarafu yako imekwenda.

Kisha ukaja mwaka 1986, na Out Run ya Sega. Aliyeitengeneza, Yu Suzuki, alisafiri kwanza Ulaya kwa gari akitazama barabara na mandhari. Mchezaji aliendesha Ferrari nyekundu, akachagua wimbo kwenye redio kabla ya kuondoka, na kila mwisho wa kipande cha safari barabara iligawanyika mara mbili: kushoto au kulia. Vipande vilikuwa 15 na miisho 5, kwa hiyo safari moja ilikuonyesha vipande 5 tu. Kwangu mimi huo ndio mzuri kuliko yote ya wakati wake, hata kama niliuona nikiwa mtu mzima.

Michezo hiyo yote ilitawaliwa na saa. Mwenye mashine alitaka mchezaji asikae muda mrefu, maana nyuma yake kuna mwingine mwenye sarafu mkononi. Ndiyo sababu sekunde zilikuwa zikihesabiwa kurudi nyuma juu ya kioo, na ukifika kituo kwa wakati unaongezewa chache. Raha ya mchezo na faida ya mwenye duka vilitoka kwenye saa ileile.

Mwaka 1993 Namco ilitoa Ridge Racer kwenye mashine za sarafu. Mwezi wa Desemba 1994, PlayStation ya kwanza ya Sony ilipoanza kuuzwa Japani, mchezo huo ulikuwa dukani siku ileile. Kimsingi ulikuwa na njia moja tu, lakini watu hawakuichoka. Ulipokuwa ukifunguka, ulikupa mchezo mdogo wa zamani, Galaxian, ili usichoke kungoja. Tena ukishafunguka wote, uliweza kutoa CD yake na kutia CD ya muziki wako, ukakimbiza gari kwa wimbo unaoupenda. Mtu wa Kongo haelezwi mara mbili afanye nini na nafasi kama hiyo.

Mjapani alinunua PlayStation ili aondoke kwenye mashine za sarafu na kucheza nyumbani bila kulipa tena. Kwetu ilirudi ilikotoka. Familia chache ziliweza kuinunua, basi mtu mmoja alinunua, akaweka televisheni na mabenchi ndani ya chumba, akapata jenereta, na watoto wa mtaa mzima wakalipa franga kwa kila mbio. Mwenye sali alishika saa yake mkononi. CD zilikuwa za kunakiliwa, na nyingine ziligoma katikati ya mbio. Kabati zenye usukani hatukuziona, ila sheria yake tuliijua vizuri: ukishindwa, simama, mwenzako akae.

Sasa tufike kwenye udongo. Tarehe 4 Machi 2000 Sony ilianza kuuza PlayStation 2 Japani, na kati ya michezo yake ya kwanza ulikuwamo Ridge Racer V. Mwaka huohuo bei ya tantalamu, madini yanayotoka kwenye koltani na kutumiwa katika vidude vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu na kompyuta, ilipanda kutoka chini ya dola 50 kwa pauni moja hadi zaidi ya dola 200. Huku Kivu, ambako RCD-Goma ilikuwa ikitawala, vijana waliacha shule na mashamba wakaenda kuchimba. Wachimbaji waliingia hata ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, wakala nyama ya ngagi na tembo. Novemba 2000 RCD-Goma iliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya kuuza koltani nje peke yake, ili kodi iingie kwenye mfuko wa vita.

Huko ng'ambo wengine waliviita vita vya PlayStation. Jina hilo mimi silikubali lote. Vita vilianza Agosti 1998, PlayStation 2 ikiwa bado haijatoka. Simu na kompyuta zilihitaji tantalamu pia, na wafanyabiashara walioogopa upungufu walinunua na kuweka ghalani, jambo lililozidi kupandisha bei. Lakini pia siwezi kusema kwamba mchezo haukuhusika. Kaka zetu walikwenda machimboni, sisi wadogo tukabaki kwenye mabenchi tukikimbiza magari, na hakuna aliyetuambia kwamba mambo hayo mawili yanajuana.

Mwaka 2001 bei ilianguka. Waliokopa ili wanunue sepeto na chakula cha machimboni walirudi na madeni, wengine wakabaki hukohuko kwa sababu shamba lilikwisha kuwa pori.

PlayStation 2 zilifika kwenye sali zetu miaka baadaye, zikiwa zimekwisha kutumiwa na wengine. Magari yalikuwa yanang'aa kuliko yale ya zamani. Mwenye sali aliandika bei mpya mlangoni kwa chaki, nasi tukalipa.