Shahidi Anayehukumiwa kwa Kosa la Wengine

Zamani fundi aliyetaka kujua injini inakunywaje mafuta alifungua plagi akaitazama. Ikiwa nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe ya kuungua, hewa imezidi. Akikuta kahawia isiyokolea alifunga boneti na mwenye gari akaenda zake. Kipimo kilikuwa jicho, tiba ilikuwa bisibisi ya kabureta.

Utaratibu huo ulivurugwa na moshi wa Los Angeles. Julai 1943 ukungu wenye kuwasha macho uliufunika mji ule, hata baadhi ya wakazi wakashuku shambulio la Wajapani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit wa Caltech akaonyesha kuwa ukungu huo huzaliwa pale moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta unapopigwa na jua. Sheria zikabanwa, na magari ya mwaka 1975 nchini Marekani yakaanza kufungwa masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Masega ya aina iliyofuata, yanayosafisha gesi tatu kwa mpigo, yalikuja na masharti: hewa na petroli ziwe katika uwiano wa karibu 14.7 kwa 1 kwa uzito. Hakuna bisibisi inayoweza kuushikilia uwiano huo gari likiwa barabarani.

Ndipo Bosch ikatengeneza sensa ya oksijeni, na mwaka 1976 Volvo ikaanza kuifunga katika magari yake yaliyokwenda California. Ndani yake mna kauri ya zirkonia: upande mmoja unagusa moshi, wa pili hewa ya nje. Ikishapata joto la nyuzi 300 hivi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo huzaa umeme kidogo, karibu volti 0.9 mafuta yakizidi na 0.1 hewa ikizidi.

Kuijua sensa mbovu, hata hivyo, kulikuwa kazi ya kubahatisha. Volvo za miaka ya 1980 zilikuwa na taa kwenye dashibodi iliyowaka kila baada ya maili 30,000 kumkumbusha dereva abadilishe sensa. Taa hiyo haikupima chochote; ilihesabu safari tu. Fundi makini alichomeka voltimita na kutazama mshale. Sensa nzima huuchezesha mshale juu na chini bila kutulia. Iliyochoka huuacha umelala. Akiifungua, ncha nayo ilisema: masizi meusi ni mafuta mengi, na unga mweupe mara nyingi ni silikoni, ile gundi ya gasketi iliyopakwa bila kipimo.

Adui mkubwa kuliko wote alikuwa risasi iliyotiwa kwenye petroli. Gari la mtumba kutoka Japani lililoshushwa Mombasa au Dar es Salaam miaka ya 1990 liliweza kufika na sensa nzima, kisha likajazwa petroli yenye risasi, na taratibu kauri ikafunikwa. Kusini mwa Sahara mafuta hayo yaliondolewa kufikia mwanzo wa 2006.

Kompyuta nazo zilikuwa zimeshaingia. California ilidai magari ya 1988 yajikague yenyewe, na kuanzia magari ya 1996 Marekani nzima ikapata mfumo mmoja wa OBD-II, wenye namba za hitilafu na sensa ya pili baada ya masega. Hapo likazaliwa kosa jipya. Mashine inasoma P0171, yaani hewa imezidi, na mteja anatumwa dukani kununua sensa. Kumbe sensa ni shahidi tu. Ekzosi ikipasuka kabla yake, hewa ya nje hupenya na sensa huripoti oksijeni iliyopo kweli. Kompyuta inaongeza mafuta bila sababu. Plagi ikikosa kuwaka ni vilevile: petroli inamwagika bila kuungua, oksijeni yake inapita salama, na sensa inatangaza hewa imezidi ilhali ekzosi inanuka petroli.

Kwa hiyo taa ya injini ikiwaka, mwombe fundi kwanza akague nyufa za ekzosi, mipira ya hewa na plagi, kisha autazame umeme wa sensa iliyo kabla ya masega injini ikiwa moto. Ukiendelea kucheza, hela ya sensa mpya ibaki mfukoni.