Mzinga Juu ya Mti: Waogiek na Msitu wa Mau

Inua macho. Gogo lile kwenye panda ya mti halikuangukia hapo kwa bahati: ni mzinga wa Waogiek, jamii ya warina asali wa Mau, uliochongwa kwa mtarakwa, mti usiooza upesi. Mrina asali hupanda na moshi wa kuwatuliza nyuki, na mfuko wa ngozi begani. Asali ilikuwa chakula, dawa, kinywaji cha sherehe na sehemu ya mahari. Kila ukoo ulikuwa na eneo lake la msitu, na watu waliwafuata nyuki kwa misimu ya maua, kutoka miteremko ya chini hadi juu kwenye mianzi na baridi.

Mau ina takriban hekta 400,000. Humu ndimo inamoanzia mito Njoro, Makalia na Nderit, inayoshuka hadi Ziwa Nakuru. Maji wanamosimama heroe kule bondeni yametoka huku.

Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kuwaondoa Waogiek msituni kulikiuka haki zao. Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia.

Tafadhali usitikise mti wenye mzinga. Wenyewe wamo ndani.