Kumtambua Kabla ya Kumtibu: Dharura za Afya ya Akili Oicha

Mjini Oicha, makao makuu ya teritwari ya Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtu anayechanganyikiwa usiku na kutoka nje hukabiliwa na hatari iliyo kubwa kuliko ugonjwa wake. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewafundisha wakazi wa barabara ya Beni hadi Eringeti kumshuku kila mgeni. Mtu anayetembea peke yake gizani, hana kitambulisho, haitikii salamu wala amri ya kusimama, anaonekana mpelelezi wa adui. Hizohizo ndizo dalili za mtu aliyerukwa na akili. Askari aliye kwenye kizuizi cha barabarani ana sekunde chache za kuamua. Umati wenye mapanga hauna hata hizo. Na Mei 2021 jimbo la Kivu Kaskazini liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, kwa hiyo karibu kila tukio la usiku hutazamwa kwanza kama suala la usalama.

Hoja yangu ni kwamba huduma ya kwanza katika mazingira haya ni kutambuliwa. Kabla ya sindano, kabla ya mshauri nasaha, lazima awepo mtu wa kusema, na kusadikiwa: huyu ni wa kwetu, ni mgonjwa, mwacheni. Mipango mingi ya afya ya akili huanza mgonjwa akiwa tayari amefika kituoni. Kule Oicha kazi ngumu ni kumfikisha akiwa hai.

Akishafika, safari bado. Hospitali kuu ya Oicha ina historia ndefu: ilijengwa na misheni, na katika karne iliyopita daktari Mmarekani Carl Becker aliifanya maarufu kwa kuwahudumia wagonjwa wa ukoma, watu waliokuwa wakifukuzwa vijijini mwao. Lakini matibabu ya kibingwa ya akili yako mbali. Mji wa Beni uko kilomita zipatazo 30 kusini, Butembo zaidi ya 50 mbele yake, na hospitali ya Tulizo Letu ya Mabruda wa Upendo iko Goma, mji ulioangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Barua ya kumhamishia mgonjwa Goma leo ni karatasi tu.

Ndiyo maana wengi huishia nyumbani au katika chumba cha maombi, mara nyingine wakiwa wamefungwa kamba. Mwaka 2020 Human Rights Watch ilieleza desturi ya kuwafunga wagonjwa wa akili katika nchi zipatazo 60, na kuilaani ni haki. Ila familia ya Oicha ina hesabu yake: kamba inaumiza, risasi inaua. Mama anayemfunga mwanawe jua linapozama huenda anamlinda dhidi ya kizuizi kilicho mita mia mbili kutoka mlangoni. Anayetaka kamba ifunguliwe bila kuzungumza na wanaosimamia kizuizi hicho anamwomba mama huyo abahatishe uhai wa mtoto.

Je, mnyororo wa kutoa taarifa upesi, ili mgonjwa atambuliwe kabla ya kufika kwenye kizuizi, unawezekana? Uliwahi kuwepo. Wakati wa mlipuko wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya vifo 2,287, wahamasishaji wa jamii walikuwa wakipeleka taarifa kutoka mitaani hadi kwenye zoni za afya, ikiwemo ya Oicha. Palipoharibika tunapajua pia: misafara ya magari, walinzi wenye silaha, fedha zilizozua minong'ono na hasira. Dkt. Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo Aprili 2019, akiwa kazini hospitalini. Magari yakaondoka, shefu wa nyumba kumi, muuguzi wa kituo na motari wa kona, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, wakabaki. Hao ndio wa kujengewa uwezo.

Mafunzo yao hayahitaji kuwa marefu. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 unahimiza kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Kwa motari hiyo ina maana ya kutomzunguka mgonjwa, kupunguza kelele, na kumwita ndugu yake. Wapo watakaotaja Zimbabwe, ambako Dkt. Dixon Chibanda amewafunza akina bibi kuwasikiliza wenye huzuni wakiwa wameketi nao kwenye benchi. Mfano mzuri, lakini wa tatizo jingine: aliye katikati ya kichaa kikali haji kuketi kwenye benchi.

Pingamizi zito liko kwingine. Nyumba kumi ni jicho la serikali. Ukimpa shefu wake orodha ya wagonjwa wa akili, umempa kijitabu cha kuwanyanyapaa, pengine cha kulipizia visasi. Kwa hiyo majina yabaki kwa muuguzi, kwa ridhaa ya familia. Shefu awe na namba moja tu ya simu ya kupiga, na kamanda wa eneo awe nayo hiyohiyo. Makamanda huhamishwa, kwa hiyo makubaliano lazima yafanywe upya kila kikosi kinapobadilishwa, tena yaambatane na kibali cha motari anayempeleka mgonjwa kituoni kupita saa za kukatazwa kutembea. Bila kibali hicho, tunaongeza mtu wa pili wa kupigwa risasi.

Mafuta ya pikipiki nani atalipa? Wafadhili watapendekeza posho kwa kila taarifa. Nisingeikubali: taarifa ikishakuwa na bei, kila mlevi wa Oicha atakuwa mgonjwa wa akili ifikapo mwisho wa wiki. Gharama ya mafuta iingie katika bajeti ya kituo cha afya, mstari mmoja na haloperidoli na fenobabito, dawa za zamani zisizo ghali ambazo zikikosekana, mgonjwa yuleyule atarudi barabarani.