Matanga ya Ujiji na njia ya Maniema

Misafara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi kwenda Maniema ya kusini katika karne ya 19 ilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji hadi Mtowa, kisha ikashika njia ya nchi kavu kwenda Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Eneo la Salamabila la leo limo katika nchi hiyo. Historia ya njia hiyo huelezwa kwa pembe za ndovu, bunduki na utumwa, na ni haki. Lakini kazi ya kuvisha chombo tanga haikumbukwi inavyostahili.

Mwanzoni vyombo vya matanga vilikuwa adimu sana ziwani. Machi 1858 mpelelezi Mwingereza Speke alivuka kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge, upande wa magharibi, ili kukodi jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim. Sheikh alikuwa akijiandaa kwenda Uruwa kutafuta pembe, na mgeni wake akarudi Ujiji bila jahazi. Katika miaka ya 1870 wafanyabiashara wa Ujiji, akiwemo Mwinyi Heri, walikuwa na vyombo vyao.

Mbao zilipatikana: misitu ya Ugoma, ng'ambo ya ziwa, ilikuwa na mivule minene iliyochongwa mitumbwi mikubwa. Ugumu ulikuwa katika mavazi ya chombo. Matanga yalishonwa kwa merikani, kitambaa kilekile cha pamba kilichonunua pembe na chakula njiani, na kilibebwa mabegani mwa wapagazi kiasi cha kilomita 1,200 kutoka Bagamoyo. Kwa hiyo kila pima ya tanga ilikuwa mtaji uliotolewa sokoni. Kamba nazo zilikuwa taabu, kwa kuwa minazi, ambayo makumbi yake husokotwa kamba za majahazi, ni miti ya pwani.

Ufundi wenyewe ulikuwa ule wa pwani. Vipande vya kitambaa viliunganishwa, na pindoni ikashonewa dasi, kamba inayozuia tanga lisichanike. Tanga lilifungwa kwenye foromali, mti mrefu ulioungwa kwa miti miwili au zaidi. Henza, kamba ya kupandishia, ikapitishwa kwenye kapi juu ya mlingoti ili kuipandisha foromali. Pembe ya mbele ya tanga, joshi, ilikazwa omo, mbele ya chombo, na demani, kamba ya pembe ya nyuma, ikashikwa nyuma. Chombo kilipobadili upande wa upepo, mabaharia walilazimika kuizungusha foromali mbele ya mlingoti, tanga likipepea ovyo. Katika ziwa ambalo upepo wa kusi huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Septemba, hapo ndipo kamba mbovu ilipoonekana.

Wazungu walifuata desturi hiyo ya matanga wakiwa na vifaa vyao. Mwaka 1874 mpelelezi Cameron alikodi mashua Ujiji, akapima sehemu ya kusini ya ziwa na kuufikia mto Lukuga, kisha akaenda Nyangwe kwa kupitia Maniema. Miaka miwili baadaye mpelelezi Stanley alilizunguka ziwa kwa Lady Alice, mashua iliyoundwa Uingereza kwa vipande. Mwezi Oktoba 1876 wapagazi walivipitisha vipande hivyo Kabambare, na Novemba mashua ikatiwa katika Lualaba. Edward Hore, nahodha wa London Missionary Society aliyefika Ujiji mwaka 1878, alitwaa mtumbwi wa gogo, akaufunga matanga na kuupa jina Calabash. Mwaka 1883 alipata mashua ya chuma, Morning Star, nayo ya matanga.

Vita vya miaka ya 1892 hadi 1894, kati ya Dola Huru la Kongo na wafanyabiashara waliotoka pwani, viliuvunja utawala wa wafanyabiashara hao: Kasongo ilitekwa Aprili 1893, Kabambare Januari 1894. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kalemie leo, na mizigo ya Kongo ikahamia kwenye mabehewa na meli za moshi. Misafara ya Mtowa ilikwisha, lakini Kiswahili kilichopita njia hiyo ndicho kinachosemwa Kasongo, Kabambare na Salamabila hadi leo.