Kula Chumvi Nyingi: Historia ya Shinikizo la Damu na Siasa Zake

Kiswahili humpima mzee kwa chumvi. Mtu aliyeishi miaka mingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi, na kijana anayebishana naye hukumbushwa hivyo. Msemo huu una mantiki ya zama zake. Chumvi ilikuwa bidhaa ya kusafiriwa: watu walitembea siku nyingi kuifuata katika chemchemi za Uvinza, karibu na Mto Malagarasi, au katika Ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda. Aliyekula nyingi alikuwa ameila kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana alikuwa mzee. Leo kijana wa mjini anaweza kula chumvi ya mzee huyo kabla hajafikisha miaka thelathini, na wala asiione, kwa kuwa imo ndani ya mkate, chipsi, soseji na viungo vya pakiti.

Badiliko hili lina historia iliyoandikwa, na sehemu yake muhimu iliandikwa hapa kwetu. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kupima shinikizo la damu la wanaume wapatao 1,000 katika eneo la Kavirondo ya Kusini, magharibi mwa Kenya. Alikuta kwamba shinikizo lao halikupanda kadiri umri ulivyosonga, kama lilivyopanda kwa Wazungu. Baada ya miaka arobaini lilielekea kushuka. Katika miaka miwili, kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini mwake, hakumwona hata mmoja mwenye ugonjwa huo.

Matokeo hayo yaliweza kusomwa kwa namna mbili. Waliotaka kuamini kwamba Mwafrika ni kiumbe wa namna nyingine waliweza kusema kuwa damu yake ndiyo iliyomkinga. Wengine, Donnison mwenyewe akiwamo, walitazama namna ya kuishi. Ilichukua miongo sita kupata jibu lenye uzito. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Shinikizo la waliohama lilipanda mapema, tangu miezi ya mwanzo ya maisha ya mjini. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu. Uzito na mapigo ya moyo navyo viliongezeka. Chumvi haikuwa mshtakiwa pekee, lakini jambo moja lilikuwa bayana: damu ya mtu haikubadilika njiani kwenda Nairobi. Kilichobadilika ni chakula chake na maisha yake.

Nasisitiza hoja hii kwa sababu ng'ambo ya Atlantiki historia ilitumiwa kinyume chake. Katika miaka ya 1980 ilienea Marekani nadharia kwamba Wamarekani weusi wana shinikizo kubwa kwa kuwa babu zao walionusurika katika majahazi ya watumwa ni wale ambao miili yao ilishikilia chumvi. Mwaka 1992 mwanahistoria Philip Curtin aliipinga nadharia hiyo, akionyesha kuwa ushahidi wa kihistoria hauiungi mkono. Mwaka 1997 Richard Cooper na wenzake walilinganisha watu wenye asili ya Afrika Magharibi: wenye shinikizo la juu walikuwa asilimia 16 Afrika Magharibi, asilimia 26 katika visiwa vya Karibi na asilimia 33 Marekani. Asili ni moja, ugonjwa unatofautiana kwa mahali. Anayetafuta kosa katika nasaba huwaacha salama waliopanga mahali hapo.

Tuje sasa kwenye tiba inayosifiwa siku hizi: vidonge vya melatonini. Homoni hii, ambayo mwili huitoa gizani kupitia tezi ndogo ndani ya ubongo, ilitengwa na Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1958. Kuihusisha na shinikizo la damu si uzushi. Kwa kawaida shinikizo hushuka usiku, lakini kwa baadhi ya watu ambao miili yao huathiriwa sana na chumvi halishuki inavyopasa. Mwaka 2004 Frank Scheer na wenzake waliwapa wanaume 16 wenye shinikizo la juu miligramu 2.5 za melatonini kila usiku kwa wiki tatu. Kipimo cha juu cha usiku kilishuka kwa milimita 6 za zebaki. Hata hivyo, utafiti wa Kiitalia wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wanaotumia dawa ya nifedipini, melatonini ilipandisha shinikizo badala ya kulishusha. Kwa hiyo, anayemeza kidonge hicho juu ya dawa za presha bila kumwuliza daktari anacheza na hatari.

Nadharia ya nasaba na kidonge cha usiku vina jambo moja linalofanana: vyote viwili humfanya mtu mmoja mmoja kuwa shamba la tatizo. Kwa upande wa usiku, watafiti wa Kijapani walionyesha mwaka 1997 kwamba kupunguza chumvi kwenyewe kulirudisha mshuko huo kwa wagonjwa walioupoteza. Mama anaweza kupunguza chumvi katika mchuzi wake, lakini hana mamlaka juu ya kinu cha unga wala tanuri la mkate. Finland ilianza kulishughulikia jambo hili kitaifa tangu miaka ya 1970, na ulaji wa chumvi ukapungua. Afrika Kusini ilitunga kanuni mwaka 2013, zikaanza kutekelezwa mwaka 2016, zinazowawekea watengenezaji wa mkate, nyama za kusindika na vyakula vinginevyo kikomo cha chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Ushauri huo ni mwema, lakini hautekelezeki kwa mtu ambaye chumvi yake imekwisha kupimwa na kiwanda.

Serikali zetu zimewahi kuamuru kwamba chumvi itiwe madini joto ili kuzuia tezi ya shingo, na zikatiiwa. Hivyo uwezo wa kuingia katika chumvi ya wananchi upo. Kinachongojewa ni uamuzi wa kuutumia tena, safari hii kwa kupima kiasi chake, ili wazee wa kesho wawe wamekula chumvi nyingi kwa maana ileile ya wazee wa jana.